Leseni kubwa, nafasi moja ya mtoto mchanga

Fomu ya kuomba leseni kubwa ya kulea watoto nyumbani ilikaa juu ya friji yangu tangu Mei hadi Oktoba mwaka wa 2025. Nilikuwa nimekwisha kujaza jina, anwani na namba ya leseni niliyo nayo, na sehemu ya idadi ya watoto ilikuwa bado wazi. Ninaishi City Heights, San Diego, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na uwanja mdogo wa nyuma, na kwa miaka sita sasa nimelea humo watoto wa watu kwa leseni ndogo ya jimbo la California, inayoruhusu watoto wachache kuliko ile kubwa. Wazazi wanaonijia ni wa mtaani: Wakongo, Wasomali, Wakenya wachache, na familia zinazosema Kihispania ambazo hazioni tabu nikimbembeleza mtoto wao kwa Kiswahili, mradi ale ashibe na alale. Watoto wote huniita Shangazi.

Kila anayenijua alidhani jambo hili halihitaji kufikiriwa sana. Wazazi wanabisha hodi, nafasi hazitoshi, na sheria inaruhusu mlezi mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi wa leseni ndogo kuomba iliyo kubwa. Hata vikwazo vya zamani vimepungua. Tangu Januari 2020 nyumba yenye leseni kubwa inatambuliwa na sheria ya jimbo kuwa makazi kama makazi mengine, kwa hiyo mji hauwezi tena kumdai mlezi kibali cha matumizi ya ardhi au leseni ya biashara, na mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji kwa sababu tu analea watoto. Ada ya mwaka hupanda kutoka dola 73 hadi 140, na kiasi hicho hakimzuii mtu. Kikosi cha zimamoto hutakiwa kuikagua nyumba na kuipitisha, jambo ambalo leseni ndogo haidai. Nilipoanza kujaza fomu niliamini kwamba nikishamaliza suala la zimamoto, kazi imekwisha.

Kilichonisimamisha ni daftari. Nina daftari la kurasa ngumu ambamo huandika majina ya wazazi wanaosubiri nafasi, umri wa mtoto, saa za kazi za mzazi, na kama analipa mwenyewe au kwa vocha ya serikali. Jioni moja nililifungua nikayasoma majina yote saba, na kwa mara ya kwanza nikaandika umri wa kila mtoto pembeni kwa kalamu nyekundu. Watano kati ya hao saba walikuwa hawajatimiza miaka 2. Mmoja alikuwa bado hajazaliwa.

Ili msomaji aone kwa nini kalamu hiyo nyekundu ilinikosesha usingizi, ni lazima nieleze hesabu ya sheria yenyewe. Mwenye leseni ndogo anaruhusiwa watoto sita, na kati yao wachanga, yaani wasiotimiza miaka 2, wasizidi watatu. Akitaka kulea wachanga peke yao, mwisho wake ni wanne. Anaweza kufikisha watoto wanane, lakini hapo wachanga hushuka hadi wawili, lazima mmoja wa watoto awe anasoma chekechea au shule ya msingi na mwingine awe ametimiza angalau miaka 6, wazazi wote waarifiwe, na mlezi aliyepanga apate ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Mwenye leseni kubwa anaruhusiwa watoto 12, na wachanga kati yao wasizidi wanne. Akifikisha 14, kwa masharti yanayofanana na yale ya wanane, wachanga hushuka hadi watatu.

Mimi nina wachanga watatu tayari. Kwa hiyo nyumba yangu ikiongezeka mara mbili kwa idadi ya watoto, mchanga nitakayeweza kumpokea ni mmoja tu. Wanne waliobaki daftarini watabaki daftarini, na mama zao wataendelea kunipigia simu kila Ijumaa kuuliza kama kuna aliyehama.

Nafasi nyingine zote za leseni kubwa ni za watoto waliokwisha kutimiza miaka 2, na hao wanapungua mlangoni kwangu kila mwaka. California imekuwa ikipanua darasa la mpito la kabla ya chekechea katika shule za umma tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, na tangu mwaka wa masomo wa 2025/26 kila mtoto aliyetimiza miaka 4 kufikia tarehe 1 Septemba ana haki ya kupata nafasi humo bila malipo. Nimefurahi kwa ajili ya wazazi, maana mama anayelipa kodi ya nyumba ya San Diego akipata shule ya bure hana sababu ya kunilipa mimi. Lakini zamani mtoto wa miaka 4 ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba kama yangu. Anajua kunawa mikono, anakula mwenyewe, anawaelekeza wadogo, na ada yake ndiyo inayowezesha kumpokea mchanga anayehitaji mikono yangu miwili kutwa nzima. Nguzo hiyo sasa inaondoka asubuhi na begi mgongoni, na inarudi saa nane mchana ikiwa imechoka, kama inarudi kwangu kabisa.

Nafasi ya sita katika nyumba yangu nayo haikuwa ya mtoto wa mtu. Kitindamimba wangu ana miaka 9, na sheria huwahesabu watoto wa mlezi mwenyewe walio chini ya miaka 10 wanapokuwa nyumbani. Anapotoka shuleni na kutupa viatu vyake mlangoni, anakuwa wa sita, ndiyo maana ninalea watoto watano tu wa watu. Machi ijayo atatimiza 10, na kiti chake kitakuwa wazi bila fomu, bila zimamoto na bila ada. Mmoja wa wale wawili wakubwa waliomo daftarini ataingia hapo. Nilikaribia kuomba leseni ya watoto 12 bila kukumbuka kwamba siku ya kuzaliwa ya mwanangu ingenipa nafasi ya bure.

Sasa niseme kuhusu msaidizi, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Leseni kubwa haimruhusu mlezi kuvuka idadi ya leseni ndogo akiwa peke yake. Lazima awepo msaidizi. Sheria inakubali msaidizi wa kuanzia miaka 14, jambo ambalo mimi siliwezi, kwa sababu sioni vipi nitamkabidhi binti wa umri huo mtoto wa miezi minane nami niwe jikoni na roho yangu imetulia. Nikimtaka mtu mzima, lazima apigwe alama za vidole na apitishwe, yaani ithibitishwe kwamba rekodi yake haina kosa la kumzuia, apimwe kifua kikuu, na awe na chanjo ya surua na kifaduro. Nikimlipa, mimi ni mwajiri: kuna kodi za ajira, kuna bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo California huitaka hata kwa mfanyakazi mmoja, na kuna siku 5 za likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa mwaka, ambazo ni haki yake na ningetamani azitumie anapoumwa.

Kima cha chini cha mshahara katika Jiji la San Diego mwaka 2025 kilikuwa dola 17.25 kwa saa. Kwa saa 40 ni dola 690 kwa wiki, na nikiongeza asilimia 7.65 ya mwajiri kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, inafika karibu dola 743, kabla ya bima na kodi za jimbo. Mimi hutoza dola 300 kwa wiki kwa mchanga na 250 kwa aliyevuka miaka 2. Nikipata mchanga mmoja ninaoruhusiwa kumwongeza, pamoja na yule mkubwa mmoja atakayebaki daftarini baada ya Machi, zitaingia dola 550. Kwa maneno mengine, kila wiki ningetoa karibu dola 200 mfukoni mwangu ili niwe na leseni kubwa, mpaka nipate watoto wengine wa miaka 2 na 3 ambao kwa sasa hawapo. Tena saa 40 ni saa nane kwa siku, na mlango wangu hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Saa tatu za kila siku zingebaki bila msaidizi, na wazazi wangu wengi huanza kazi kabla ya jua.

Nilirudia hesabu hiyo mara nne, kwa sababu sikutaka ije hivyo.

Mume wangu, ambaye huendesha basi na hujua kuchoka kwa kukaa kama mimi nijuavyo kuchoka kwa kuinama, alikuwa upande wa leseni kubwa tangu mwanzo, na sababu zake zilikuwa nzito kuliko za wengine. "Mke wangu," aliniambia, "mgongo huo utambeba mtoto peke yake mpaka lini? Ukipata mtu wa kukusaidia, angalau utakwenda kwa daktari." Ana haki. Mlezi mwenye leseni hawezi kuwa nje ya nyumba zaidi ya asilimia 20 ya saa za kulea kwa siku, na hata muda huo lazima amwache mtu mzima aliyepitishwa. Kwa kuwa sina mtu wa namna hiyo, kusafisha meno hunilazimu kufunga nyumba. Leseni kubwa pamoja na mtu mzima mwaminifu ingenipa pumzi, na mwenye binti au dada mtu mzima anayeishi naye, anayependa watoto na aliyekwisha kupitishwa, hana sababu ya kuiogopa.

Lakini mimi nimewahi kuwa huyo msaidizi. Kabla sijapata leseni yangu nilifanya kazi katika nyumba ya mama mmoja mwenye leseni kubwa, mahali pengine jijini, na tulikuwa na watoto 11. Siku moja mwanangu, huyu huyu wa miaka 9, aliamka na homa kali, nikapiga simu saa kumi na moja alfajiri kusema sitafika. Mama yule hakuwa na mtu mwingine aliyepitishwa. Alifanya kama sheria inavyotaka: alishuka hadi idadi ambayo mlezi mmoja anaruhusiwa, na waliobaki akawapigia simu wazazi wao mmoja mmoja wasiwalete, na waliokwisha kufika akawarudisha mlangoni. Kati ya waliorudishwa alikuwa mama aliyekuwa akisafisha vyumba vya hoteli, aliyekuwa ameshakosa zamu mara mbili mwezi huo kwa sababu nyingine. Wiki iliyofuata hakumleta mtoto tena, na nilipouliza nikaambiwa kazi imekwisha. Hakuna aliyekosea siku ile. Mwanangu alikuwa na homa, nami nilipaswa kukaa naye. Lakini tangu hapo, ninapofikiria watoto 12, sifikirii sebule iliyojaa. Namfikiria mama amesimama kibarazani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa sare ya kazi, mtoto begani, anasubiri niseme neno.

Sitaki ionekane kwamba tatizo ni fedha na wasaidizi tu. Saa sita na nusu mchana huwalaza wachanga watatu katika chumba cha nyuma, kila mmoja kwenye kitanda chake, chali, bila blanketi wala mto wala mwanasesere, kama kanuni za usingizi salama zinavyosema. Kila baada ya dakika 15 naingia na kibao chenye karatasi, nainama juu ya kila kitanda, natazama rangi ya midomo, nasikiliza pumzi, nagusa shingo kuona kama amepata joto, kisha naandika saa. Mmoja wao, wa miezi saba, hupumua kwa kusita anapoingia usingizi mzito: anavuta, ananyamaza, halafu anaachia kwa sauti ndogo kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilimweleza mama yake, akampeleka kwa daktari, akaambiwa mtoto ni mzima. Hata hivyo mimi husimama pale mpaka nisikie pumzi mbili zaidi. Nimekaa na karatasi hizo miaka sita, na ninajua kwamba kazi ninayoifanya vizuri kuliko zote ni hiyo ya dakika 15. Nikiwa na watoto 12 ningekuwa na mtu wa kuangalia sebule, ni kweli, lakini pia ningekuwa na mfanyakazi wa kuelekeza, orodha ya mshahara ya kujaza, na watoto wanane au tisa wanaohitaji kukimbia. Nilijiuliza kama ningesimama bado kusikiliza pumzi mbili za ziada. Sikupata jibu ninaloweza kumwambia mama yake.

Jambo lililoniondolea fomu juu ya friji lilitokea mwezi Septemba, na halikutokana na hesabu yangu. Yupo dada mmoja wa Kikongo, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kuja Marekani, ambaye niliwahi kumlea kitinda mimba wake. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Ni mtu wa kwanza niliyemfikiria kuwa msaidizi, kwa sababu nimemwona akimnyamazisha mtoto wa mtu kwenye basi bila hata kusimama. Nilimwalika, nikamwekea chai na maandazi, nikamweleza habari ya leseni kubwa na mshahara nitakaoweza kulipa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi, na miaka yangu yote, sikuwa nimejiuliza: "Mama, na wa kwangu nao watahesabiwa?"

Ana watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Wakiwa nyumbani kwangu anapofanya kazi, wanahesabiwa, kwa sababu watoto wa msaidizi walio chini ya miaka 10 huingia katika idadi. Kati ya nafasi sita mpya, mbili zingekuwa zao. Asipokuja nao, angehitaji kumlipa mtu mwingine awatazame baada ya shule, kwa mshahara ambao ungemwishia mkononi. Tulikaa kimya kidogo. Yeye alikuwa ameinamia kikombe, mimi nilikuwa nikiitazama ile fomu juu ya friji, na ndipo nilipouliza kwa sauti kwa nini asichukue leseni yake mwenyewe.

Leseni ndogo kwake ingeruhusu watoto sita. Wake wawili wangehesabiwa humo, lakini wako nyumbani kwao, hawalipi nauli wala mlezi, na nafasi nne zilizobaki zingeweza kuwa na wachanga watatu. Nyumba yangu ina wachanga watatu. Nyumba zetu mbili ndogo, mitaa miwili kutoka moja hadi nyingine, zingelea wachanga sita, na nyumba yangu moja kubwa ingelea wanne. Nilichukua kalamu ile nyekundu nikaandika 6 na 4 nyuma ya bahasha, nikamsogezea. Aliitazama akacheka, halafu akasema mumewe hataamini mpaka aone karatasi yenye muhuri.

Ninajua ninachokipoteza kwa uamuzi huu. Kipato changu kitabaki karibu pale kilipo, isipokuwa kile kiti cha Machi. Mume wangu hakukubaliana nami kwa siku tatu, na siku ya nne alikubali kwa sharti moja: dada huyo akishapitishwa, nami nikamwandikishe kwangu kama mtu mzima wa kushika nafasi yangu kwa saa moja au mbili, katika siku ambazo yeye halei watoto kwake, ili niende kwa daktari. Sharti hilo nimelikubali. Pumzi aliyonitakia ilikuwa ndani ya leseni kubwa, na sasa sehemu yake ndogo itapatikana bila hiyo leseni.

Tangu hapo jioni zetu nyingi zimekuwa za makaratasi. Amekwisha kupitia mafunzo ya mwanzo ya waombaji, na Jumamosi mbili zilizopita alimaliza darasa la huduma ya kwanza na kufufua pumzi kwa watoto, akarudi ananionyesha kwenye kifua cha mwanasesere jinsi mchanga anavyobanwa. Yeye na mumewe wamepigwa alama za vidole, kwa kuwa kila mtu mzima anayeishi katika nyumba lazima apitishwe. Kwa kuwa amepanga fleti, tulimwandikia mwenye nyumba taarifa ya siku 30 kabla ya kuanza, kwa barua fupi ya heshima ambayo niliiandika mara mbili ili isisomeke kama ombi, maana sheria inataka taarifa tu. Juzi tulichora ramani ya fleti yake kwenye meza yangu, tukaonyesha milango ya kutokea na kabati la dawa na sabuni litakalofungwa kwa kufuli. Vitanda viwili vya wachanga nimempa mimi, kimoja kikiwa bado na alama ya meno ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la pili.

Wazazi watano wenye wachanga nimewapigia simu. Wawili wamekubali kusubiri leseni yake itoke, na mmoja wao ametaka kwanza kuja kumwona, jambo nililolisifu. Mama wa mtoto ambaye hajazaliwa amesema muda wenyewe unamfaa. Wa nne alikuwa amekwisha kumpeleka mtoto kwa bibi yake, katika mji wa jirani wa El Cajon. Wa tano anaanza kazi Jumatatu ijayo na hana mahali pa kumweka mtoto, na leseni haitatoka Jumatatu. Jina lake bado liko daftarini, na kesho asubuhi nitawapigia walezi wengine watatu ninaowajua kuwaulizia nafasi yake.